Siku kumi Nyanda za Juu Kusini: kutoka Iringa hadi Matema bila kupoteza siku njiani

Malalamiko ya wanaorudi kutoka kusini hayabadiliki. Mmoja alifika Kitulo, hifadhi ya maua, mwezi wa nane na hakuona ua hata moja. Mwingine alipanda Mlima Ngozi mchana, akakuta ukungu mtupu na ziwa halionekani. Wa tatu alikwama Kyela jioni kwa sababu gari la mwisho la Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, lilishaondoka. Vivutio havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye tarehe, saa na mpangilio.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma kwa basi, bila gari lake. Mwenye gari anaweza kuufuata vilevile, tofauti yake ni kwamba hatagombana na makonda.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kukata tiketi

Kitambulisho cha NIDA, au namba yake kwenye karatasi. Ada ya Mtanzania kwenye hifadhi ni sehemu ndogo sana ya ile anayolipa mgeni wa nje. Bila kitambulisho huna cha kumwonyesha askari wa getini.

Pesa za aina mbili. Hifadhi za taifa hazipokei noti getini: unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au kadi. Kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, maana porini mtandao ni wa kubahatisha. Vijijini ni kinyume chake. Bodaboda, kiongozi wa njia na mama wa mgahawa wanataka taslimu, tena ndogondogo, na ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi utaambiwa chenji hakuna.

Nguo za baridi za kweli. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo ni karibu mita 2,600. Sweta moja la kuendea kazini halitoshi. Beba jaketi zito, soksi nene mbili, kofia ya kufunika masikio. Beba pia nguo nyepesi, kwa sababu Matema iko chini ya mita 500 na joto lake ni la pwani kabisa.

Raba zenye meno au gambuti. Kandambili na viatu vya soli laini ndivyo vinavyowaangusha watu Ngozi.

Koti la mvua. Mwamvuli unafaa mjini. Kwenye msitu mikono yote miwili inatakiwa ishike miti.

Vidogo vidogo: tochi, chupa ya maji ya lita mbili, dawa zako, dawa ya kufukuza mbu, pawabenki. Nguo uziweke kwenye mfuko wa kitambaa au kiroba kizito. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

## Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha ukubali unachokosa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza. Maua ya Kitulo huchanua Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zinanyesha. Wanyama wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huonekana vizuri Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi na wanyama wakilazimika kuufuata mto. Maua na simba havikai kalenda moja. Anayejaribu kuvipata vyote Mei hupata nyasi ndefu Ruaha na maua yaliyokwisha Kitulo.

Chagua hivi:

- Desemba hadi Aprili: Kitulo ndiyo siku zako mbili kubwa. Ruaha iache.
- Juni hadi Oktoba: Ruaha ndiyo siku zako mbili kubwa. Kitulo iache, labda kama unafuata milima na baridi tu.

Safari iliyobaki ni ileile kwa misimu yote miwili.

Ondoka Ijumaa. Ukihesabu kuanzia hapo, siku ya tisa inaangukia Jumamosi, ambayo ni siku ya soko la vyungu upande wa Matema, na Jumapili unarudi kwako.

## Hatua ya 2: Siku ya kwanza na ya pili, Iringa

Panda basi la alfajiri. Kutoka Dar ni mwendo wa saa nane hadi tisa, ukiwa na bahati kwenye Mlima Kitonga. Lori moja likiharibika kwenye kona za Kitonga, foleni inaweza kula saa mbili nzima. Ndiyo sababu hushauriwi kupanga jambo lolote jioni ya siku hiyo. Anayetapika kwenye kona amalize kula Ruaha Mbuyuni, kabla ya kona hizo, na kidogo tu.

Angalizo kwa mgeni: barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu kilimani. Ukishuka usiku, chukua bajaji hadi gesti. Usipande kilima na begi kwa miguu.

Siku ya pili asubuhi: Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale. Iko kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya. Patana na bajaji bei ya kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri saa mbili, kabla hujaketi. Ukikubali "tutaelewana huko", utaelewana naye ukiwa huna gari lingine la kurudia.

Fika saa mbili asubuhi. Korongo la nguzo za mchanga halina kivuli, na ikifika saa sita mchana joto hujaa humo kama kwenye tanuri. Kwenye kibanda cha juu utaona zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimelala palepale ardhini. Usiokote hata kipande. Kwenye nguzo, usiegemee wala usipande: ni mchanga ulioshikana tu, na kucha ya kidole inatosha kuukwangua. Mvua ikiwa imenyesha usiku, muulize kiongozi kama maji yanapita chini ya korongo kabla hujashuka.

Mchana: Kalenga, kwenye barabara ya kwenda Ruaha, ambako fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Saa moja inatosha.

Jioni: Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji. Jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Panda saa kumi na moja, mkiwa wawili au zaidi, na muwe mmeshuka kabla giza halijaingia. Vibaka wanajua kuwa wageni hukaa wakisubiri jua lizame.

Ukikutana na wazee, "Kamwene" inafungua mlango kuliko "Mambo".

## Hatua ya 3: Siku ya tatu na ya nne, Ruaha au Kitulo

### Ukiwa wa kiangazi: Ruaha

Kutoka Iringa hadi getini ni zaidi ya kilomita 100. Kuna basi la kila siku hadi Tungamalenga, kijiji kilicho karibu na hifadhi, chenye malazi ya bei ya chini kuliko ya ndani. Basi likikufikisha hapo, kazi ya miguu imekwisha. Ndani ya Ruaha hutembei bila gari.

Gari ndilo linalokula pesa kuliko vyote, kwa hiyo tafuta wenzako wanne au watano Iringa kabla hujaondoka. Ukiongea na mwenye gari, usiulize "bei gani?" tu. Uliza maswali manne: mafuta yako ndani ya bei au nje? Ada ya gari kuingia hifadhini analipa nani? Dereva analala na kula kwa nani? Kibali cha getini kinaisha saa ngapi? Bei inayosikika rahisi kwa kawaida imeacha mawili kati ya hayo nje. Gari lijaze tangi Iringa.

Muwe getini saa 12 asubuhi. Kuanzia saa nne jua likipanda, simba hulala vichakani na utaona mikia tu. Agosti na Septemba, mwambie dereva afuate kingo za Mto Ruaha Mkuu kuliko kuzunguka mbali: maji yakipungua, tembo hupiga mashimo kwenye mchanga wa mto kwa miguu na mkonga, na wanyama wengine husubiri zamu nyuma yao. Kaeni mahali pamoja nusu saa, injini imezimwa. Watalii wengi huendesha siku nzima na kurudi na vumbi.

Mbung'o wa Ruaha wanauma hata juu ya shati. Acha nguo za buluu na nyeusi kwenye begi. Vile vitambaa vya buluu na nyeusi unavyoviona vimetundikwa mitini ni mitego yao, na wewe ukivaa hivyo unakuwa mtego unaotembea.

### Ukiwa wa masika: Kitulo

Siku ya tatu, panda basi la Mbeya kutoka Iringa na ushuke Chimala. Konda atataka nauli ya Mbeya nzima, na kwa kawaida hushindi mabishano hayo. Hapo Chimala panda gari la Matamba, kijiji kilicho juu karibu na hifadhi. Barabara inapanda ukingo wa mlima kwa kona 57, na wenyeji huiita hivyohivyo, hamsini na saba. Kaa mbele. Fika Chimala kabla ya saa nane mchana, kwa sababu magari hupungua na dereva mwenye akili hapendi kuzipanda kona hizo gizani na matope.

Ipo njia ya pili, kutoka Uyole kupitia Isyonje hadi Kikondo. Ni rahisi kwa mwenye gari la juu linalovuta magurudumu yote. Kwa gari dogo wakati wa mvua, usijaribu. Udongo ukilowa unakuwa kama sabuni, na kumtafuta wa kukuvuta ni kazi ya siku nzima.

Lala Matamba. Asubuhi nenda ofisi ya hifadhi, lipa, ukabidhiwe askari au kiongozi, na upatane usafiri wa kupanda uwandani. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005 na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Jina hilo ndilo linalowaponza wageni. Wanategemea bustani ya hoteli, wafike waone majani ya kijani hadi upeo wa macho, kisha waseme wamedanganywa.

Ushuke garini. Okidi nyingi za Kitulo ni fupi, zimejificha katikati ya nyasi. Piga magoti. Ukiwa chini utaanza kuona: kishina kimoja chenye maua madogo ya zambarau, kila ua lina mdomo wenye madoa, na hatua mbili mbele lingine la njano la aina tofauti kabisa. Zipo aina zaidi ya 40 za okidi humu. Yale marefu ya rangi ya moto yanayosimama kama mienge kwenye maeneo yenye majimaji si okidi, lakini ndiyo yanayopendeza zaidi kwenye picha. Hakuna simba wala tembo, ndiyo maana unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kiongozi.

Usichume wala kuchimba. Viazi vya okidi huchimbwa kwa wizi na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na askari hawana utani na mtu mwenye udongo kwenye kucha.

Ratiba ya siku: uwe uwandani saa tatu asubuhi, ushuke saa tisa. Mchana mawingu hushuka na mvua ya baridi huanza ghafla. Ukipata saa mbili za jua hapo juu, umefaulu.

## Hatua ya 4: Siku ya tano, Mbeya mjini

Hii ni siku ya kusafiri na kufua. Kutoka Iringa ni saa tano au sita, kutoka Chimala ni chini ya saa mbili. Tembea soko la Mwanjelwa, nunua parachichi, ongeza salio, lala mapema. Mwenye miguu ya ziada anaweza kupanda Loleza nyuma ya mji, lakini kesho kuna Ngozi na magoti ni yaleyale.

Kimondo cha Mbozi, kile chuma cha angani cha zaidi ya tani 10, kiko upande wa Tunduma: kilomita 50 hivi hadi kwenye kibao mkono wa kushoto, kisha 13 za vumbi. Kinakula nusu siku. Kwa maoni ya mwongozo huu, kiongeze tu kama una siku ya kumi na moja. Ni jiwe moja, na ukishalizunguka mara mbili umemaliza.

## Hatua ya 5: Siku ya sita, Ziwa Ngozi

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, na sababu ni moja: wanaamka saa mbili.

1. Saa 12 asubuhi uwe stendi, Nanenane au Uyole, kwenye kosta ya Tukuyu. Begi kubwa liende nawe, maana leo hurudi Mbeya.
2. Shuka kwenye kibao cha Ngozi, eneo la Isongole. Mwambie konda mara mbili: unapopanda, na mkishapita Uyole.
3. Jiandikishe na ulipe, ukadai risiti. Acha begi ofisini au dukani kwa mtu uliyeonyeshwa na ofisi.
4. Chukua kiongozi. Njia kuu inaonekana, lakini wakulima na wakata kuni wamekata vijia vingi vya pembeni, na ukungu ukishuka vyote vinafanana. Bei iwe ya kundi, isiwe ya kichwa.
5. Bodaboda hadi chini ya msitu, kilomita tano hivi, kama njia imekauka. Ikiwa mbichi, tembea. Kuanguka na bodaboda kwenye tope la Milima ya Uporoto hakuna raha.
6. Panda kwa muda wa saa moja na nusu. Mwanzo ni mwinuko mpole kati ya mianzi na migomba mwitu. Robo ya mwisho ni mwinuko mkali wa mizizi na udongo mweusi. Shika mizizi, usishike majani usiyoyajua: yapo yanayowasha hadi jioni.

Ukifika ukingoni, ziwa liko chini yako kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Lina urefu wa kilomita mbili na nusu hivi na halina mto unaoonekana ukitoka. Ukifika saa nne utaliona lote. Ukifika saa saba, mara nyingi utaona weupe mtupu na kiongozi akikuambia "liko hapo hapo".

Vijana watakuambia kuna njia ya kushuka hadi majini. Ipo. Ni kama ukuta, na kurudi juu ndiko kunakovunja watu. Usishuke kama mvua imenyesha siku tatu zilizopita, na Tukuyu hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Kushuka mlima nako kuna ajali zake: kaa upande, weka ubavu wa kiatu mbele, usikimbie. Kisha endelea hadi Tukuyu ulale.

## Hatua ya 6: Siku ya saba, Daraja la Mungu na Kijungu

Rudi njia panda ya Kiwira na uchukue bodaboda ya kwenda na kurudi. Daraja la Mungu ni jiwe la volkeno lililovuka Mto Kiwira, na maji yanapita chini yake. Mahali pazuri pa kuliona ni kando, chini kidogo, ambako upinde wote unaonekana. Juu yake huoni kitu, unajiona umesimama kwenye majani tu.

Kijungu kiko mbele kidogo: mto mzima unajibana kwenye mwamba, unazunguka kama uji kwenye sufuria na kupotea chini ya jiwe. Mwamba wa pembeni umelowa na una ukungu wa kijani unaoteleza. Simama hatua mbili nyuma ya mahali unapodhani ni salama, na mtoto ashikwe mkono, siyo kuitwa kwa sauti.

Eneo hili linapakana na Chuo cha Magereza. Jitambulishe getini, na simu ibaki mfukoni hadi mfike mtoni. Kupiga picha majengo au wafungwa kutakuharibia siku.

Ukirudi Tukuyu mapema, kula ndizi za Kinyakyusa na useme "ndaga" ukimaliza.

## Hatua ya 7: Siku ya nane hadi ya kumi, Matema

Ondoka Tukuyu asubuhi kuelekea Kyela, na uwe Kyela kabla ya saa sita mchana. Magari ya Matema hupitia Ipinda, huondoka yakijaa, na jioni hukoma. Toa taslimu ya siku mbili hapohapo Kyela, kwani wakala wa kijijini anaweza kuishiwa pesa wakati wowote.

Matema ni mchanga mrefu wa Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone ikidondokea majini upande wa mashariki. Mambo matatu ya kuangalia. Usiogelee karibu na midomo ya mito, kuna mamba: uliza wavuvi watoto wao wanaogea wapi, uende hapo. Lala ndani ya chandarua, maana ulipokuwa Mbeya ulisahau mbu. Na Juni hadi Agosti upepo wa Mwera huamsha mawimbi makubwa, kwa hiyo mtumbwi upande asubuhi.

Jumamosi nenda soko la Lyulilo, umbali wa kutembea ufukweni. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono, vyenye michoro myeupe na myekundu. Kabla ya kununua, ning'iniza chungu kwa kidole kimoja ndani ya mdomo wake na ukigonge kwa kucha. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya mbao kina ufa, hata kama huuoni.

Jaza nyasi kavu ndani, funga kanga nje, na usikiweke kwenye buti la basi. Jumamosi hiyohiyo alasiri rudi Kyela ulale huko, kwa kuwa mabasi ya moja kwa moja hadi Dar huondoka alfajiri. Kata tiketi usiku uleule, chagua kiti cha dirishani, na chungu kikae mapajani hadi mvuke Kitonga.